Mlango wa Mbele

Kabla hujamwonea huruma mwoka mikate huyu, ujue kwanza kwamba alikuwa na kichwa kigumu. Watu walimwita Baba Mkate, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Bekari yake ilikuwa chumba kimoja chenye tanuri la matofali, meza ya kukandia iliyochimbika katikati, na dirisha dogo la kuuzia. Yeye alikanda, mkewe alipima hamira na chumvi, kwa vidole tu, na hakuwahi kukosea. Wateja waliusifu mkono wa mama huyo bila kuujua uso wake, maana dirishani alisimama mumewe, akipokea sifa zote kana kwamba chumvi ilijipima yenyewe.

Kila Ijumaa mchana alijaza mikate kwenye gunia safi, akalitupia begani na kuvuka barabara kuu hadi kwenye ghala la chakula la mtaa wa pili. Ghala lenyewe lilikuwa ukumbi wa zamani wa harusi, dari inavuja, riboni zilizofifia bado zinaning'inia ukutani. Wenye kitu walileta unga, mchele, maharage na mafuta, na maduka yalileta makopo yaliyobonyea. Wasio na kitu walipanga foleni, wakapita mbele ya meza ndefu, wakatoka na chakula cha kuwafikisha Ijumaa nyingine. Swali lilikuwa moja tu: "Mko wangapi nyumbani?" Ukijibu unapimiwa, unakwenda zako. Usilidharau jambo hilo. Mwalimu wa shule ya jirani alisema zamani watoto walikuwa wakisinzia juu ya madawati asubuhi nzima. Ghala lilipofunguliwa wakaanza tena kupigana wakati wa mapumziko, naye akamshukuru Mungu kwa kila ngumi.

Waliokuja kupokea waliingia kwa mlango wa mbele. Waliokuja kutoa walipitia uani, kwa sababu mikokoteni haikuweza kupanda ngazi za mbele. Hakuna aliyeweka sheria hiyo, ila ndivyo ilivyokuwa, na Baba Mkate alikuwa mtu wa mlango wa nyuma. Msimamizi, nesi mstaafu ambaye kila mtu bado alimwita Sista, alimpokea kwa sauti yake ya wodini: "Amefika mwenyewe! Mpisheni!" Mimi nadhani sauti ile ndiyo iliyomharibu.

Kisha duka kubwa likafunguliwa hatua chache kutoka bekari, na mikate yake iliyokatwa tayari, ndani ya plastiki, kwa bei ambayo mtu wa tanuri moja haiwezi. Wateja wa siku zote wakaanza kupita upande wa pili wa barabara ili wasisalimiane naye. Tanuri nalo likapasuka mgongo, na hakuwa na cha kulijengea upya. Badala ya kusema ukweli, Baba Mkate alibandika karatasi dirishani: "Tumefunga kwa matengenezo." Hapakuwa na fundi wala tofali. Alikuwa tayari kufa na tai shingoni. Binti yao aliyeolewa mbali alipopiga simu, mzee alimnyang'anya mkewe simu akasema, "Sisi wazima, mwanangu. Tunasukuma siku."

Siku zenyewe hazikusukumika. Waliishi chumba cha nyuma ya bekari, na kila kilichoweza kuuzwa kilishauzwa, hadi redio. Mkewe alikuwa na ugonjwa wa moyo. Vidonge alipewa hospitalini, na daktari alimwonya asivimeze tumbo likiwa tupu. Alipovimeza kwa chai peke yake, alitetemeka na kutapika, kwa hiyo akaanza kuviruka. Miguu ikamvimba. Baba Mkate aliiona ile miguu, na hapo ndipo alipopiga moyo konde, akakunja gunia lake la zamani, akalificha ndani ya koti na kwenda ghalani kuomba.

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Alisimama mwisho, kofia usoni. Haikuchukua muda, mpakuzi wa mizigo akamwona.

"Baba Mkate! Unafanya nini huko? Pita nyuma, mzee wangu!"

Watu wakageuka, wakatabasamu, wakampisha. Wengi wao walishakula mikate yake. Angeweza kusema neno moja tu pale, na mambo yangeisha. Akapita nyuma.

"Tulikuwa tunakuulizia!" alisema Sista. "Tanuri bado?"

"Bado, Sista. Mafundi wa siku hizi unawajua."

"Basi umeona usikae bure, umekuja kutupa mkono. Mungu akuzidishie. Vaa hii."

Akavalishwa aproni, akasimamishwa kwenye pipa la mchele. Mchana kutwa aliwapimia wenzake wenye njaa, huku tumbo lake likinguruma mpaka mama aliyesimama mbele yake akacheka akidhani ni mtoto mgongoni. Mkono uliokuwa ukipima ungeweza kujisahau mfukoni. Haukujisahau, maana mzee yule hakuwa mwizi. Jioni akarudi nyumbani na gunia lililokunjwa vilevile.

"Chakula kiliisha kabla sijafika," alimwambia mkewe.

"Pole. Ijumaa ijayo uwahi."

Ijumaa iliyofuata aliwahi kweli, na kwa sababu aliwahi alipewa kazi mapema zaidi. Sista akamsifu mbele ya watu kwamba mtu kama yeye hapatikani. Mzee akacheka, akameza mate, akaendelea kupima. Nikimfikiria pale nyuma ya pipa nasikia hasira, kisha nasikia uchungu, kisha hasira tena.

"Kiliisha tena," alisema alipofika nyumbani.

Mkewe alimtazama usoni, halafu akamtazama mikono. Kwenye nywele za mikono ya mumewe kulikuwa na vumbi jeupe, na mama huyo, aliyeishi na unga maisha yake yote, alijua ule si unga bali ni vumbi la mchele.

Ijumaa ya tatu Baba Mkate alikuwa kwenye pipa lake. Mtu mmoja akatoka mbele ya meza, mwingine akasogea, na bila kuinua macho akauliza kama alivyozoea, "Mko wangapi nyumbani?"

"Wawili," ilijibu sauti. "Mimi na mume wangu."

Alikuwa mkewe, kwenye sweta lake la kijani, ameshika ukingo wa meza kwa mkono mmoja na kikapu kwa mkono wa pili, akihema. Alikuwa ametembea njia nzima kwa ile miguu. Mzee akabaki na kopo hewani.

Sista, aliyekuwa akipanga makopo karibu, alimwona mama anavyohema. "Mbona umekuja mwenyewe, dada yangu, na hali hii? Mume hakuweza?"

"Hawezi kuja," alijibu mkewe. "Anaumwa."

"Pole jamani. Anaumwa nini?"

"Hata daktari hajapata jina lake."

Alisema hivyo bila kumtazama mumewe hata kidogo, ili asimwaibishe, na mumewe akaipokea ile stara kama alivyozipokea sifa za chumvi. Akampimia mchele wa watu wawili. Mchele mwingine ukamwagika mezani. "Ahsante, baba," alisema mkewe, kama anavyoambiwa mtu baki, akasogea kwenye maharage, kisha akatoka mlango wa mbele na kikapu kikimvuta bega chini. Na mzee? Mzee alibaki ndani ya aproni.

Alipofika nyumbani, wali na maharage vilikuwa vimeiva na vidonge vimeshamezwa. Sahani zilikuwa mbili.

"Kula," alisema mkewe. "Si ulipima mwenyewe?"

Akala akilia, na mkewe akamwacha alie. Chakula kile kiliwabeba wiki nzima, na vidonge vikakaa tumboni. Lakini ile safari ilikuwa imeuchosha moyo uliokwisha kuchoka. Mama alilala, na Ijumaa ilipofika hakuweza kukaa kitandani bila kuegemezwa.

Siku hiyo Baba Mkate alipanga foleni bila kofia.

"Mzee wangu, umekosea mlango!" aliita mpakuzi, akicheka.

"Sijakosea."

Akatoa gunia ndani ya koti, akalikunjua, akalishika mbele yake watu wote wakaliona lilivyo tupu. Kicheko cha mpakuzi kikakatika. Foleni ikasogea hadi mezani, ambako Sista mwenyewe alikuwa ameshika kopo la mchele. Alimtazama mzee, akatazama gunia, akauliza lile swali la watu wote.

"Mko wangapi nyumbani?"

"Wawili. Mke wangu hawezi kuja. Anaumwa."

Sista akalikumbuka lile sweta la kijani. Alipima mchele, akapima maharage, na juu yake akaweka mkate, maana tangu bekari ifungwe duka kubwa lilikuwa likileta mabaki yake: mkate uliokatwa tayari, ndani ya plastiki. Baba Mkate aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Nyumbani alichovya kipande kwenye chai, akamtilia mkewe mdomoni. Mkewe alitafuna polepole, amefumba macho, kama enzi zile alipokuwa akionja mkate wa kwanza kutoka tanurini.

"Chumvi haijakolea," alisema.

"Najua, bibie," alijibu mzee. "Kula, umeze dawa."