Falsafa ya Fundi Sare

Walimwita Fundi Sare, na jina hilo lilimfaa mara mbili. Asubuhi alishona sare za shule kwenye kibanda chake nyuma ya kituo cha mafuta. Jioni alikuwa kocha wa timu ya mtaa, na huko nako alitoa sare tu. Mechi inaanza bila kwa bila, inaisha bila kwa bila, na yeye anarudi nyumbani akipiga mluzi, kama mtu aliyekabidhiwa mpira mpya akaurudisha haujaguswa.

Falsafa yake aliwahubiria wachezaji kabla ya kila mazoezi, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Mpira ni kitambaa cha mteja," alisema. "Kazi yako ya kwanza si kukirembesha. Usikiharibu, basi."

Kwa hiyo alipanga mabeki sita, viungo watatu waliopigwa marufuku kuvuka katikati ya uwanja, na mshambuliaji mmoja wa kuwapigisha soga mabeki wa upande wa pili. Mshambuliaji huyo alikuwa mdogo wa mkewe, mchomeleaji wa mageti, aliyekuja kwao kusalimia na akasahau kuondoka. Mashabiki nao walikuwa waungwana sana. Walikuja uwanjani na magazeti.

Jumapili moja, shemeji akachoka kupiga soga. Akamnyang'anya beki mpira, akampiga chenga kipa, akafunga. Uwanja mzima ukalipuka. Fundi Sare akashika kichwa kwa mikono miwili, akaomba mabadiliko.

"Kwani nimefanya nini?" shemeji akauliza alipofika pembeni.

"Umewaamsha! Walikuwa wamejilalia vizuri, wewe umekwenda kuwaamsha!"

Akaingizwa beki wa saba. Wapinzani, waliokuwa sasa macho kabisa, wakasawazisha kwa kona dakika za lala salama. Kocha wetu akashusha pumzi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana, akaenda kumpa mkono kocha mwenzake, tena kwa uchangamfu.

Jioni hiyo mezani, sahani ya shemeji ilijaa hadi ukingoni. Mbele ya Fundi palikuwa na kijiko tu.

"Mama watoto, chakula changu kiko wapi?"

"Umefanyiwa mabadiliko," mkewe akamjibu bila hata kumtazama. "Kaa benchi."

Msimu ukaenda hivyo hivyo hadi ukingoni. Timu haikuwa imefungwa mechi hata moja, na ilikuwa inashuka daraja. Hata viongozi wa ligi walikuwa hawajawahi kuona muujiza huo. Mwenyekiti wa timu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamfuata Fundi kibandani kabla ya mechi ya mwisho.

"Kocha, safari hii ni ushindi tu. Sare, tunashuka."

"Na tukifungwa?"

"Tunashuka vilevile."

Mkasi wa Fundi ukabaki wazi juu ya kitambaa. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kufungwa na kutoka sare vinaweza kuwa kitu kimoja. Mwenyekiti alikwisha kwenda zake, na yeye bado ameduwaa pale, kaptula ya mtoto wa watu haijakatwa.

Siku ya mechi aliwakusanya vijana wake. Wakasubiri habari za kitambaa cha mteja.

"Leo chezeni mnavyotaka," akasema. "Ila watu wakiwauliza, msiseme mimi ndiye niliyewatuma."

Kufumba na kufumbua wakawa wamefungwa mawili, maana mabeki sita waliosikia neno uhuru walikimbilia mbele wote kwa pamoja. Fundi akajifunika uso kwa kofia. Kisha shemeji akarudisha moja kwa kichwa. Kiungo mmoja, ambaye hakuwahi kuliona lango la wapinzani kwa karibu, akapiga la pili. Fundi alipojitambua alikuwa katikati ya uwanja, ndala moja mguuni, amemkumbatia mshika kibendera. Refa akamwonyesha kadi nyekundu, akatolewa nje ya ukuta.

Huko nje hakuona kitu. Alisikia kelele zikipanda, zikanyamaza, zikapanda tena, naye akawa anazunguka ukuta akitafuta tundu la kuchungulia. Tundu hakulipata. Walipotoka ndipo alipoambiwa: tatu kwa tatu. Timu imeshuka daraja, na rekodi yake ya kutofungwa imebaki safi, heko kwake.

Wachezaji walitoka wakiimba, eti walioshuka daraja hao. Mashabiki, ambao siku hiyo hakuna aliyekumbuka kufungua gazeti, walitoka wakibishana nani kati ya mabeki alikimbia vizuri zaidi.

Nyumbani sahani yake ilijaa. Hakuigusa.

"Shemeji, la tatu lilikuwaje?"

"Nilipokea pembeni, nikakata ndani..."

"Usiruke hatua! Ulipokea kwa mguu gani? Beki alikuwa wapi?"

Shemeji akainuka, akachukua mto wa kochi ukawa mpira. Kiti kikawa beki. Mama watoto akaulizwa kama anaweza kuwa kipa. Akakikaza kilemba chake, akasimama mbele ya kabati la vyombo, mikono ameitanua.

"Glasi zangu zikivunjika," akawaonya, "mtalala nje wote wawili."

"Piga," Fundi akamwambia shemeji. "Piga tu."