Saa Tano Zisizoandikwa

Watu wawili walikuja kwenye karakana ya kaka yangu huko Timbwani, wakamtaka akawatazamie friji nyumbani kwao. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nimemletea mahamri. Kilichonitia shaka ni kwamba hawakusema friji ina ubaya gani. Mwenye friji mbovu haishi kulalamika. Kaka alipoinama kuchukua mfuko wa vifaa, mmoja alimshika mshipi kwa nyuma.

"Kosa lake nini?" niliuliza.

"Mama, ni maswali tu." Wakamtia garini, wakaenda zao.

Kituoni, askari wa mezani alinijibu kwa upole uliopita kiasi: mtu huyo hawana. Nikaomba anitazamie kwenye kitabu cha matukio. "Kitabu si cha raia," akasema, akakifunika kwa kiwiko. Niliketi kwenye benchi, sikuondoka.

Baada ya adhuhuri akaja mwengine aliyevaa kiraia, ananiita dada, kanishikia chai na karatasi. "Tia sahihi hapa, ndugu yako atoke." Niliisoma. Ilisema kwamba nilikuwa nikimwona kaka akipokea simu zilizoibwa. Nikamrudishia karatasi yake, na chai pia sikuinywa.

Nilimpigia simu mama mmoja wa mtaa wa Shika Adabu aliyewahi kutufundisha barazani kwamba aliyekamatwa lazima aambiwe sababu, aonane na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kupita. Alifika na wakili wa kike, mwembamba, asiyepandisha sauti. Wakili alipokitaka kitabu, kilifunguliwa. Jina la kaka lilikuwamo, lakini limeandikwa kuwa ameletwa saa tisa.

"Amekamatwa saa nne," nilisema. "Hizo saa tano alikuwa wapi?"

Askari wa mezani akakifunga kitabu.

Kesho yake asubuhi polisi waliomba mahakama iwaruhusu kukaa naye siku kumi zaidi. Hakimu aliuliza wana ushahidi gani. Wakasema uchunguzi unaendelea. Wakili akasimama, akaeleza habari ya zile saa tano na ile karatasi. Hakimu alimwachilia kaka kwa dhamana yake mwenyewe, na baada ya miezi miwili faili likafungwa.

Jioni ile aliyoachiliwa, kaka alinieleza. Walimzungusha garini mpaka Port Reitz na kurudi, wakimtajia watu asiowajua. "Lakini wallahi, dada, waliniita kwa lile jina la utotoni."

Jina hilo halitoki nje ya nyumba yetu.

Tangu hapo nimewapima wote: shemeji aliyehamia kwetu ghafla, binamu anayependa kuuliza kaka yuko wapi, hata mama mdogo. Sikukuu ya Idd tulikaa tisa kuzunguka sinia la pilau. Nilikuwa nikiwatazama mmoja mmoja usoni, nikamkuta kaka ananitazama mimi.