Vibati Vitatu

Usiku kucha Eudocia alisikiliza kifua cha bintiye Zoila kikikoroma. Kulipokucha akawa wa kwanza kwenye duka la kambi. Karani alikuwa akipanga penseli zake, kama kila siku, ncha zote zikielekea ukutani. Hakuwa na mazoea ya kutazama nyuso, alitazama mikono. Wachimba shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, hawakulipwa pesa bali vibati vya kununulia dukani, kila kambi na vyake, kwa hiyo kila alichopewa karani alikigonga kwenye marumaru ya meza ya duka na kuinamisha kichwa, akisikiliza. Eudocia alikuwa na vitatu, alivyotumiwa na mumewe aliyehamia kambi ya pili.

"Dawa ya kifua, bwana. Mtoto hapumui vizuri."

Karani akagonga, akasikiliza. "Hivi si vyetu, mama," akasema, kwa sauti ileile ya upole anayouzia sukari. "Vitumie huko huko."

"Huko ni mwendo wa kutwa!"

"Basi anza kutembea, shoga," mwanamke mmoja akadakia nyuma yake, "sisi tuna njaa."

Karani akavisukuma vibati kwa ncha ya kidole, akafuta pale vilipokuwa.

Adhuhuri, duka lilipofungwa, Eudocia alizunguka uani akabisha mlango wa nyuma. Akabisha tena, akilia. Mlango ukafunguka kidogo, mikono miwili ya karani ikatokeza. Mmoja ulishika chupa ya dawa, bei yake kibati kimoja. Eudocia akaweka kimoja kwenye kiganja cha pili. Kiganja hakikufumba. Akaweka cha pili. Akaweka na cha mwisho, ndipo vidole vikaiachia chupa.