Mshale Uliokataa Kupanda

Juzi, kwenye gereji moja ya Port Reitz, nilimwona fundi akimimina oili kidogo kwenye tundu la plagi ya injini. Papo hapo nikasikia harufu ya uwanja wetu wa Changamwe: petroli, na mbaazi za nazi za Mama zikitokota.

Nilikuwa mtoto, na Baba alikuwa ameiunda upya injini ya gari la mashindano la Ami Faki, mdogo wake. Siku ya kwanza ya kulikimbiza, injini ikaishiwa nguvu ghafla. Ami akalirudisha likivutwa kwa kamba.

“Ringi mpya za pistoni umeziuza, ukanitilia mbovu! Mwizi we!”

“Faki, kaa kitako. Tupime.”

Baba akafunga geji ya kupima presha kwenye silinda. Injini ikazungushwa, mshale wa geji ukabaki chini. Akamimina oili tunduni, nami nikadhani ni dawa, kama mafuta ya moto ambayo bibi alinitia sikioni. Nikaomba Mungu mshale upande. Haukupanda. Nikaangua kilio.

Sikujua kwamba oili huziba pengo la ringi mbovu, na presha ikapanda. Mshale ungepanda, Baba ndiye angekuwa mwizi.

“Umeona?” Baba akasema. “Ringi zangu nzima. Umekosea gia, ukapinda valvu; presha inavujia huko.”

Ami akaninyoshea kidole. “Mbona mwanao analia? Hata yeye anakujua!”

Baba akanigeukia.

Hadi leo, kwenye harusi za ukoo, Ami huhadithia siku ile. Mshale hautaji. Husema tu kwamba mtoto wa mwizi alilia.