Neno moja la fundi liliua kompyuta ya mama yake, mswaki na risasi vikaifufua

Saa tatu asubuhi, Mama Risasi anaipiga kompyuta mswaki.

Mswaki wa meno kabisa, wa kawaida, mpya. Bodi ya kompyuta imelala kwenye beseni la plastiki. Yeye amekunja mikono ya blauzi hadi viwikoni, anasugua ukoko wa kijani ulioganda katikati ya vyuma. Anachovya kwenye spiriti, anasugua, anapuliza, anainua bodi kwenye taa. Bado. Anarudia.

"Fundi, na ulimi umesugua?" dada wa saluni ya jirani anamtania, kasimama mlangoni na kitana mkononi.

"Njoo nianze na wako, labda maneno yatapungua," anamjibu bila kuinua kichwa.

Risasi ya jina lake ni ile ya kuchomelea nyaya, si ya bunduki. Kuna mteja mgeni alisoma kibao cha nje akavuka barabara. Mama Risasi ana miaka arobaini na moja, kumi na tisa kati ya hiyo kaimaliza kwenye ufundi. Chumba chake kina meza mbili, feni moja, na redio kumi na kitu zinazosubiri wenyewe.

Lakini kompyuta hii si ya mteja. Ni ya mama yake mzazi.

Ni kuukuu, ina zaidi ya miaka ishirini, na haipoozwi kwa feni kama nyingine. Inapoozwa kwa maji. Pampu ndogo inayasukuma kwenye mipira miwili, yanapita juu ya prosesa, yanabeba joto, yanakwenda kupoa kwenye rejeta iliyosimama nje ya sanduku, ndefu kama mtungi wa gesi. Mama huyo anafuma masweta kwa mashine, na chumba chake kimejaa vumbi la sufu. Kompyuta ya feni haimalizi mwaka humo, inameza vumbi mpaka inakabwa. Hii aliinunua kwenye kiwanda cha nguo kilichofungwa, ikadumu miaka kumi na mmoja.

Kazi yake ni kuiambia mashine sindano ipi ipande na ipi ishuke. Ikizimika, mashine ni chuma tu. Wiki nzuri ilikuwa inatoa masweta thelathini. Sasa ni mwezi wa nne mama anafuma kwa mkono, na sweta moja linamla siku nne. Wateja wake wa miaka yote wameanza kuulizia kwingine.

"Nimeiua mwenyewe," anasema mama huyo, miaka sitini na sita, kakaa karibu na feni, sindano zinagongana mapajani. "Maji yalipungua, nikaongeza. Mwanangu atakuwa aliniambia ni maji gani, nikasahau. Kichwa changu nacho kinavuja."

Mama Risasi anainamia beseni. Anasugua.

Maji aliyoongeza yalikuwa ya bomba. Yanayotakiwa humo yana dawa. Ya bomba yana chumvi, na shaba ikikutana na aluminiamu ndani yake, moja inaitafuna nyingine. Baada ya mwaka na nusu kiungo kimoja kikalegea, yakadondoka tone kwa tone kwenye bodi, na kwenye kadi inayoongea na mashine ya kufuma. Bodi unaweza kubahatisha nyingine. Kadi hiyo haitengenezwi tena.

Mafundi wawili wa kompyuta waliotangulia kuiona walishasema imekufa. Mmoja aliifungua, akaifunga, akasema kanunue mpya. Mpya yenyewe haina hata tundu la kuchomekea kadi hiyo.

"Unatangaza msiba hujaosha hata mgonjwa," anasema Mama Risasi. "Huo ni uvivu."

Yeye aliiosha mara tatu kwa maji yaliyochujwa, yale wanayoongeza kwenye betri za magari, halafu spiriti, akaiacha mbele ya feni siku tano. Kapasita tisa zilizovimba, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, akazing'oa akaweka nyingine. Kwenye kadi, ukoko ulikuwa umekula njia sita za shaba, nyembamba kama nywele. Alichomoa waya kwenye hedifoni mbovu, akavaa lenzi, akaunga moja moja huku amebana pumzi. Ya nne iliungua. Akaanza upya.

Siku mama hakuja, ndipo Mama Risasi alipoeleza linalomkera.

"Alinipigia simu, kompyuta inalia. Nina wateja wamejaa. Nikamwambia, Mama, iongeze maji, nikakata. Basi, hayo tu. Sisi mafundi kila kitu tunaita maji. Maji ya betri, maji ya rejeta. Yeye kasikia maji, kaenda bombani. Ulitaka aende wapi?"

Na mama anaamini ni uzee.

Jumatano iliyofuata, saa sita mchana, kompyuta ilirudishwa kwenye chumba cha kufumia. Dada wa saluni naye alikuja kushuhudia. Mama Risasi aliweka kidole kwenye swichi, halafu akakitoa.

"Mama, hukusahau kitu. Sikukwambia ni maji gani. Nilikuwa na haraka."

Mama akamtazama. "Mbona unasema sasa?"

"Ikiwaka kwanza, nitapata pa kujificha."

"Miezi minne kila asubuhi nahesabu majina ya wajukuu kujipima akili, na wewe unaniangalia tu?" Akamsukuma bega. "Washa. Nikianza kukugombeza sasa hivi, hatutafuma leo."

Aliwasha. Pampu ikagugumia, kioo kikabaki cheusi. Dada wa saluni akafungua mdomo, akaamua kuufunga. Mama Risasi akazima, akachomoa ramu, kile kijibao cha kumbukumbu, akaifuta, akairudisha, akawasha tena.

Pii!

Majina ya mitindo yakajipanga kwenye kioo. Kichwa cha mashine kikatambaa kwenda na kurudi, sindano zikapanda, isipokuwa mbili. Saa nzima ikaishia kwenye hizo mbili. Saa tisa, mkono wa sweta la njano ulikuwa unashuka, na mama hataki kuguswa wala kusemeshwa.

Wakati anaosha ile kadi, Mama Risasi alikuwa anaichora, njia kwa njia, kurasa kumi na nne. Anataka kutengeneza nyingine, mpya. Wafumaji wawili wenye mashine kama hiyo wameshamtafuta, nao waliambiwa zao zimekufa. Mwezi ujao ataanza.

"Nitatafuta mashine mbovu niijaribie hiyo kadi mpya kwanza," anasema.

Mama yake anabadilisha uzi, hageuki.

"Mbovu itakwambia nini? Jaribia hapa."

"Na ikiharibika, Mama?"

"Utatengeneza."