Mgongoni kwa Mkwe

Mume wangu hakuwa bingwa wa mbio, ingawa ukimtazama akikimbia ungeapa kwamba ndiye. Jumapili wafanyakazi wa kiwanda cha shaba walishindana kuzunguka mitaa ya Katuba, naye akifika wa nne, wa tano, kisha anajibwaga chini akihema mpaka naona aibu. Siku moja nilimcheka mbele ya wenzake: "Kujiua hivi kwa kuwa wa tano?" Akanijibu bila kukasirika, "Nguvu ya leo ukibakisha, kesho inaoza."

Ndivyo alivyofanya kila kitu. Mama yangu alipofiwa na baba akaja kukaa nasi, mume wangu alimjengea chumba nyuma ya nyumba yetu, na kila tofali aliligonga kwanza asikie kama limeiva. Mlango aliuelekeza upande wa pili. Sisi watu wa Kasai, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawapitiani karibu. Hiyo ndiyo heshima. Paa likivuja, alisubiri mama aende sokoni ndipo apande kuliziba. Mama naye alipika ugali wetu, bukari, na sombe ya majani ya mihogo, akanipa nimpelekee, na kama kipande cha nyama kilikuwa kimoja, kilikuwa cha mkwe. Waliishi hivyo miaka, wakipendana kupitia mimi, nami nikichoka kuwa mjumbe wao.

Kisha jimbo la Katanga likajitenga na nchi, na sisi wa asili ya Kasai tuliozaliwa palepale tukaambiwa ni wageni. Jirani tuliyekuwa tukiombana naye chumvi akaacha kuitikia salamu. Mpaka leo nikimkumbuka hasira inanipanda. Asubuhi moja vijana wenye mapanga walianza kuchoma nyumba za Wakasai mwanzoni mwa barabara yetu. Tulikuwa tumesikia kwamba nje ya mji askari wa Umoja wa Mataifa wanawalinda waliokimbia, kwa hiyo tukatoka: mimi na mtoto mgongoni, mume wangu na furushi la nguo, mama na mguu wake uliovimba.

Hatukufika mbali. Mama alikaa chini kando ya njia, akasema mguu umekataa. Mume wangu akatupa furushi, akachuchumaa akiwa amempa mama kisogo, na akaniambia mimi:

"Ambia mama apande ku mugongo yangu."

Mama alikuwa hapohapo, angeweza kumgusa. Naye akaniambia mimi:

"Mwambie: mukwe habebake mukwe. Muende, muniache."

Nikawa natoa maneno kwa huyu nampelekea huyu, na moshi unatufikia. Mwishowe uvumilivu ukaniisha, nikapiga kelele, "Mama! Bantu beko banakuya kutuua!" Akavua kitambaa chake cha kichwani, akajifunika nacho uso wote, akapanda mgongoni kwa mkwe wake akilia kwa aibu.

Mume wangu akakimbia. Hakuna Jumapili niliyomwona akikimbia vile, kufa kupona. Hakuwa mwepesi, mama alikuwa mtu wa mwili, lakini hakupunguza mwendo. Nilijaribu kumfuata nikashindwa. Penye njia panda wale vijana walikuwa wameshaziba barabara, nikalazimika kuzunguka kwenye mashamba ya mihogo na mtoto wangu.

Nilipofika kambini jua lilikuwa limepinda. Mama alikuwa amekaa langoni, kitambaa bado usoni. Wanawake waliokuwepo walinieleza kwamba mume wangu alimteremsha taratibu, akageukia kando kama inavyopasa, akakataa maji waliyompa, akarudi mbio kunitafuta.

Hakurudi tena. Sikupata maiti, sikupata habari. Tuliishi pale chini ya magunia na makaratasi ya maboksi, maelfu ya watu, na mimi nilikuwa kama jiko lililozimwa. Hata kumlilia nilishindwa, maana utaanzaje matanga ya mtu ambaye hujui kama amekufa? Usiku nilimkasirikia. Nilimwambia gizani kwamba angekunywa tu yale maji, angepumzika kidogo tu, tungekutana langoni.

Kila siku mama alikaa palepale akiwatazama wanaume wanaoingia. Wakishampita, anageuka na kuwatazama kwa nyuma, mpaka wapotee kati ya vibanda. Nilidhani ni uzee umeanza kumchezea akili. Siku moja nikamfuata, nikamwambia kwa ukali aache kuwakodolea watu macho, arudi kivulini.

Hakuinuka.

"Mutoto yangu, mi najua mugongo yake tu," akasema. "Uniambie, sura yake iko namna gani?"

Nikakaa chini karibu naye, nikaanza na paji la uso.