Semina ya Amani Iliyotuletea Vita Bombani

Ugomvi mkubwa kuliko wote uliowahi kutokea kwetu ulianzia kwenye semina ya amani.

Rudia kusoma ukitaka. Sijakosea kuandika.

Sisi tuna mitaa miwili, wa Juu na wa Chini, na bomba moja katikati. Maji yanatoka alfajiri. Jua likipanda, yanakata.

Hatukuwa malaika. Tulikuwa tukisemana vizuri tu. Ila tulikuwa na utaratibu: anayepanga foleni ni ndoo, siyo mtu. Unaitega jioni, unakwenda kulala zako. Ndoo ya mwenzio haiguswi.

Jirani yangu Mama Redio, anayetangaza habari kabla hazijatokea, alikuwa akisema, "Mume wa mtu unaweza ukamgusa, lakini ndoo ya mtu iache ilivyo."

Mdogo wangu wa tumbo moja ameolewa Mtaa wa Chini. Wakati huo alikuwa ametoka kujifungua mapacha kwa upasuaji, na kidonda bado kibichi. Nepi zilikuwa milima. Kwake yeye maji hayakuwa mzaha.

Jioni moja likaja gari jeupe.

Akashuka mwezeshaji, shati limenyooka, kipaza sauti mkononi. "Wananchi, tumekuja kutatua mgogoro wenu!"

"Mgogoro upi?" Mama Redio akauliza. Aliona aibu. Mgogoro upo, halafu yeye hana habari!

"Wa maji, mama. Kati ya mitaa hii miwili."

"Hatuna."

"Watu wenye mgogoro huanza hivyo hivyo, kwa kukana."

Tukagawiwa kofia. Juu nyekundu, Chini za njano. Mume wangu, ambaye hata ukoo wake haujawahi kumwamini kupanga viti msibani, akateuliwa mwenyekiti wa upande wetu wa Juu. Mume wa mdogo wangu akawa mwenyekiti wa upande wa pili. Mpaka mchana wa siku hiyo, wawili hao walikuwa wakila sahani moja.

Kisha likaletwa bango lenye neno AMANI. Lilikuwa kubwa kama ukuta.

"Hizi ndoo zinaharibu picha," mwezeshaji akasema. "Zisogezwe."

Wasaidizi wake wakazibeba zote, wakazirundika pembeni kama taka. Na sisi tukatazama tu. Mgeni ni mgeni.

"Sasa semeni yanayowauma. Msiogope!"

Tukageuka kutazama ndoo zetu.

"Mmeumizwa, najua. Semeni!"

Shemeji, mume wa mdogo wangu, akaona aibu kumwangusha mtu wa watu. "Basi... hawa wa Juu wakichota wanaimba sana. Watu tumelala."

"Na nyinyi ndoo zenu ni mapipa!" mume wangu akajibu.

"Unamwambia nani?"

"Wewe! Na baba yako!"

"Vizuri sana," mwezeshaji akasema. "Tunapiga hatua."

Tukanywa soda, tukapigwa picha, gari likaondoka. Ndipo tukageukia lile rundo.

"Yangu ilikuwa mbele!"

"Mbele ya nani? Yako ilikuwa nyuma ya beseni!"

Zamani tungebishana, tukachoka, tukaenda kulala. Lakini sasa tulikuwa na kofia. Kila mtu aliona wazi nani wa kumpiga. Mshona viatu wa Mtaa wa Chini alipoteza jino, na mpaka leo hajui aliyeling'oa. Anajua tu kwamba alivaa nyekundu.

Alfajiri, Mtaa wa Juu walikuwa wamelishika bomba kwa fimbo. Mbele yao, mwenyekiti, mume wangu. Wa Chini wamesimama ng'ambo na mawe.

Mdogo wangu akapita katikati, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika ndoo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Rudi nyumbani."

"Watoto hawana nepi hata moja kavu."

"Nitashauriana na wajumbe."

"Wajumbe gani? Juzi si ulikuwa unakoroma kwenye kochi langu?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo mume wangu alipokaza shingo. Mwanamume akichekwa huku ana fimbo mkononi, kaa mbali.

Nikapiga goti kwenye tope. Nikamwomba Mungu anifunge mdomo nisije nikazidisha moto.

Hakuufunga.

"Baba watoto," nikasema, "huyu leo anachota. Ukitaka kupiga, anza na mimi."

Nikaichukua ndoo ya mdogo wangu, nikaitega, nikafungulia maji. Fimbo ikapanda. Ng'ambo kule nikaona mkono wa shemeji nao umepanda na jiwe.

Honi!

Gari jeupe. Mwezeshaji akashuka mbio, jasho linamtiririka.

"Samahanini sana! Tulikosea njia. Semina ilikuwa ya watu wa ng'ambo ya reli. Naomba kofia zetu."

Mume wangu akashusha fimbo. "Sasa utatuachaje? Leo mgogoro tunao kweli!"

"Nauona, mzee. Lakini nyinyi hammo kwenye mpango. Andikeni maombi."

Akaanza kuvua kofia, kichwa baada ya kichwa, pande zote mbili.

"Na uenyekiti?" mume wangu akauliza.

"Nao pia."

Mama Redio akashika kiuno. "Jamani! Kumbe hata ugomvi wenyewe tuliazimwa!"

Wa kwanza kucheka alikuwa shemeji, na mdomo wake umevimba. Kikasambaa kicheko mpaka mawe yakaanguka yenyewe. Mume wangu hakucheka. Alifunga bomba, akaipandisha ile ndoo begani, akashika njia ya Mtaa wa Chini. Mdogo wangu akamfuata polepole.

Foleni mpya tuliipanga kwa kelele za siku kadhaa. Jino la mshona viatu halikurudi.

Mimi nasoma madarasa ya jioni. Juzi mwalimu akauliza nini huleta migogoro katika nchi zinazoendelea. Wenzangu wakajibu: umaskini, ujinga, uhaba.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, uhaba tulikuwa nao miaka yote na tuligawana. Tulipigana siku ulipovurugwa utaratibu wa kugawana, halafu tukavishwa kofia za kumjua adui."

"Hilo halimo kitabuni," akasema.

Basi mimi naliandika hapa. Usalama wetu haukuletwa na gari. Ulikuwa pale, mchafu mchafu, tumeutengeneza wenyewe. Mtu akija kukupatanisha, mwulize kwanza umegombana na nani. Na kabla hajasogeza kitu, ajue kwa nini kiliwekwa pale.

Watu wa ng'ambo ya reli nao wamepata semina yao. Tunawaombea.